"Scud": neno la mawingu, si la barua ya kazi

Mwezi uliopita kijana mmoja alinionyesha barua yake ya kuomba kazi ya ghalani kabla hajaituma. Barua ilikuwa nzuri mpaka nilipofika sentensi ya tatu: "I scud from one task to another." Nilicheka, kisha nikamwomba radhi, maana kosa hilo nililifanya mimi kabla yake. Mwaka wangu wa kwanza hapa Uingereza niliandika neno hilo hilo kwenye fomu ya kazi. Aliyenihoji aliinua macho akaniuliza, "Like a cloud?" Sikuelewa, nikajibu "Yes." Kazi sikuipata. Huenda walikuwa na sababu nyingine, lakini swali lile sijalisahau.

Wote wawili tulilitoa mahali pamoja. Tuliandika "kukimbia" au "kwenda haraka" kwenye simu, simu ikatupa orodha ya maneno, nasi tukachagua lile ambalo hatujawahi kulisikia, tukidhani kwamba neno gumu ndilo Kiingereza kizuri.

Tatizo linaanzia kwenye "kukimbia" yetu. Kwa Kiswahili mtoto anakimbia uwanjani, mkimbizi anakimbia vita, na mawingu yanakimbia angani. Neno ni moja, na msikilizaji anaelewa kutokana na mazungumzo. Waingereza wameyagawa. Mtoto: "run". Mkimbizi: "flee", na kwa wakati uliopita "fled". Mawingu yanayokwenda mbio kwa sababu upepo unayasukuma: "scud".

Kwa hiyo "scud" hutumika zaidi kwa kitu kinachopelekwa na upepo. Ni neno la zamani la mabaharia pia. Dhoruba ikizidi, chombo hupunguza matanga au huyashusha kabisa, kikaacha upepo ukisukume kutoka nyuma, upande wa tezi. Waliokulia pwani ya Lamu, Mombasa au Unguja wataielewa picha hiyo upesi kuliko mwalimu wa Kiingereza wa hapa London. Chombo kinakwenda kasi, lakini mwenye amri ni upepo. Sasa fikiria mwajiri anayesoma kwamba wewe unakwenda kazini namna hiyo.

Hutamkwa "skad", si "skudi". Ukiongeza mwisho wake, herufi d zinakuwa mbili: "scudding", "scudded". Utalikuta zaidi kwenye hadithi na mashairi, na kamusi za wanaojifunza lugha mara nyingi huliwekea alama ya "literary", yaani neno la kifasihi. Ukiiona alama hiyo kwenye simu yako, usilipeleke neno hilo kwenye fomu.

Kuna jambo jingine. Kwa watu wengi "Scud" ni kombora. Ni jina ambalo NATO iliyapa makombora ya Kisovieti, nalo likajulikana dunia nzima katika Vita vya Ghuba mwaka 1991, Iraki ilipoyarusha kuelekea Saudi Arabia na Israeli. Baadaye yalitumika Yemen pia. Kwenye darasa la Kiingereza unaweza kukaa jirani na mtu aliyeishi chini ya makombora hayo. Akishtuka mwalimu anaposoma "scudding clouds", usimcheke. Mweleze taratibu kwamba ni mawingu tu.

Ukitaka kuliona neno lenyewe likifanya kazi, nenda Walthamstow Wetlands siku ya upepo. Ni mabwawa 10 ya maji ya London, yaliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2017, na kuingia ni bure. Kutoka kituo cha Blackhorse Road unatembea kidogo tu kwa kufuata Forest Road. Pale hakuna majengo ya kukuziba, unaona mawingu yakipita mbio juu ya maji, na vivuli vyake vikiyafuata. Mbele ya mandhari hiyo unaweza kumwambia mtu, "Look, the clouds are scudding," naye atafurahi. Sokoni High Street ukisema hivyo hivyo juu ya mfuko wa plastiki uliochukuliwa na upepo, watakuelewa, ingawa watu wengi wangesema tu "it blew away".

Kwenye barua ya kazi, andika "I work quickly". Au bora zaidi, taja kazi yenyewe: ulipakia maboksi mangapi kwa zamu, ulipika chakula cha watu wangapi. Yule kijana alifuta sentensi yake akaandika kwamba kambini alikuwa akigawa chakula kwa familia 60 kabla ya saa sita mchana. Simu isingeweza kumpa sentensi hiyo.

Na unapoeleza kwa Kiingereza jinsi ulivyoondoka nyumbani, kwa wakili, kwa daktari au kwenye usaili wowote, sema "I fled" au "I ran away". Ukiwa na mkalimani, sema kwa Kiswahili chako cha kila siku, kisha taja ulimkimbia nani au nini, maana "kukimbia" peke yake inaweza kufasiriwa "ran", kana kwamba ulikuwa kwenye mashindano.

Barua au fomu ambayo huna uhakika nayo, njoo nayo ofisini kabla ya kuituma. Tutaisoma pamoja.