Chuma Kingi, Damu Haba

Vipimo vikionyesha kwamba mgonjwa ana upungufu wa damu na chembe zake nyekundu ni ndogo, zimepauka, jibu la haraka huwa moja: hana madini ya chuma, apewe vidonge vya kuongeza damu. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Kwa mwenye anemia ya sideroblasti ni kosa, na kosa la hatari. Huyu chuma anacho, tena kingi, ila uboho wa mifupa yake unashindwa kukitumia kutengeneza hemoglobini.

Slaidi ya damu ndiyo hutia shaka kwanza. Chembe zilizopauka huonekana zimechanganyika na zenye rangi ya kawaida, kana kwamba damu ya watu wawili imemiminwa pamoja. Kisha hupimwa feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Aliyepungukiwa chuma, feritini yake hushuka. Huyu yake mara nyingi iko juu. Hata hivyo, maambukizi na maradhi ya ini nayo huipandisha, kwa hiyo haitoshi kukata shauri.

Shauri hukatwa na uboho wenyewe. Daktari huuvuta kidogo kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga, na mtaalamu wa maabara huutia potasiamu ferosianidi pamoja na asidi ya hidrokloriki, mbinu ya Mjerumani Max Perls ya mwaka 1867. Palipo na chuma hugeuka buluu. Kwenye hadubini, chembe nyekundu changa huonekana na pete ya punje za buluu kuzunguka kiini: ni chuma kilichokwama ndani ya mitokondria. Pete huhesabiwa punje zikiwa 5 au zaidi, nazo zimezunguka walau theluthi ya kiini. Pete zikifika asilimia 15 ya chembe hizo changa, saratani ya uboho iitwayo mielodisplasia hufikiriwa. Jeni ya SF3B1 ikiwa na hitilafu, asilimia 5 hutosha.

Lakini kwanza mgonjwa aulizwe anatumia nini. Pombe huleta pete hizo. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, nayo huzileta kwa kuvuruga vitamini B6, ambayo uboho hauwezi kutengeneza hemoglobini bila hiyo. Vitamini hiyo ikirudishwa, damu huweza kupanda. Wapo pia waliozaliwa na hitilafu ya jeni ya ALAS2, na baadhi yao hupata nafuu kwa B6 hiyo hiyo.

Feritini ikiwa juu, basi, usimwandikie mgonjwa chuma kabla sababu haijajulikana. Kitarundikana kwenye ini na moyo.