Mtumwa Alipotoroka, Daktari Alimwita Mgonjwa

Mwaka 1851, daktari Samuel Cartwright wa Louisiana, Marekani, alitangaza kwamba amegundua ugonjwa mpya wa akili: ule unaowafanya watumwa weusi kuwatoroka mabwana zao. Miongoni mwa tiba alizopendekeza ni viboko. Kwake yeye, mtumwa timamu ni yule aliyetulia.

Hapo ndipo hufika anayepima akili za watu kwa kigezo cha desturi pekee. Huyo mtoro pengine ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote!

Wanasaikolojia wa leo huuliza zaidi. Je, tabia ya mtu inamtesa mwenyewe? Inamzuia kufanya kazi au kulea wanawe? Inahatarisha maisha yake au ya wengine? Uadimu nao hautoshi: gwiji wa hesabu ni adimu, lakini haumwi.

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 2013, unasema kwamba majonzi yanayotarajiwa katika utamaduni wa mtu, kama ya kufiwa, si ugonjwa. Mjane anayelia msibani yuko sawa. Lakini akishindwa kula na kulala miezi nenda miezi rudi, ndugu wampeleke kwa mtaalamu.