Kabla hujanunua bando lingine, piga ping tatu

Leo naongelea kompyuta ya Linux inayogoma kufungua intaneti, maana imeshanila hela.

Nilishuka Mbamba Bay kufuata dagaa wa Nyasa. Kompyuta yangu ni ya mtumba, ina Ubuntu, naiunganisha na hotspoti ya simu. Mteja wa Songea anataka ankara ya kilo 40 kabla gari halijaondoka. Hakuna ukurasa unaofunguka. Nikajua bando limeisha, nikanunua. Bado. Nikanunua tena! Gari likaondoka, mteja akachukua kwa mwingine. Na muda wote huo WhatsApp kwenye simu meseji zinaingia, wala sikujiuliza kwa nini.

Simu ikipata na kompyuta ikakosa, usikimbilie bando. Tafuta kwanza njia imekatika wapi. Bonyeza Ctrl+Alt+T, dirisha jeusi litafunguka. Andika:

ip route

Tafuta mstari unaoanza na "default via". Namba inayofuata ndiyo simu yako. Usipouona mstari huo, hujaungana kabisa. Zima Wi-Fi uwashe, au tumia waya wa USB. Ukiuona, endelea:

ping -c 4 (hapa weka namba ya simu)
ping -c 4 8.8.8.8
ping -c 4 google.com

Ya kwanza ikigoma, shida iko kati ya kompyuta na simu. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikagoma, hapo ndipo uangalie bando, au usogee penye mtandao. Milima yetu ya Mbinga unaijua, hatua 20 tu zinabadilisha mambo.

Mimi mbili za kwanza zilijibu vizuri. Ya tatu ikaleta "Temporary failure in name resolution". Maana yake njia ipo, ila kompyuta haijui jina google.com lina namba gani. Kazi hiyo ni ya DNS, ni kama kitabu cha namba za simu. Kumbe kijana niliyempa anitengenezee aliandika DNS kwa mkono akaiacha humo. Nikaingia Settings, Wi-Fi, alama ya gia, IPv4, nikawasha Automatic kwenye DNS, nikabonyeza Apply, nikazima Wi-Fi na kuwasha. Dakika mbili tu! Dagaa wangu wameshakosa mnunuzi.

Hapo hapo kwenye gia, sehemu ya Details, weka tiki "Metered connection", Ubuntu ipunguze kujipakulia masasisho kwa bando lako.

Ila ikigoma nchi nzima, kama Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, acha kompyuta ya watu. Mpigie mteja.

Siku hizi ankara naziandaa Mbinga mjini kabla sijashuka ziwani.