Sili Iliyochoka Haitibiwi kwa Mafuta ya Breki

Swali linalorudiwa kila kukicha katika gereji za Nyakato, Pasiansi na Kirumba jijini Mwanza, hasa na wenye X-Trail, RAV4, Harrier na CR-V zilizokwisha kuvuka miaka 15, ni kwamba gia boksi ya otomatiki inayovuja itiwe dawa gani ili iache kuvuja. Swali hilo lina kasoro tangu mwanzo, kwa sababu gia boksi hailambi oili kama injini iliyochoka. Oili yake nyekundu, ambayo mafundi wengi huiita haidroliki, huzunguka ndani ya chombo kilichofungwa, na ikipungua maana yake pana mahali inapotokea, mahali panapoweza kuonekana kwa macho, kuguswa kwa kidole na kutengenezwa kwa spea. Kinachopaswa kuulizwa kabla ya lolote ni inatokea wapi.

Dawa inayosifiwa kuliko zote ni mafuta ya breki: kiasi fulani humiminwa kupitia tundu la dipstiki, gari likaendeshwa siku mbili tatu, na asubuhi sakafu ikakutwa kavu. Kwamba sakafu hukauka ni kweli, na ndiyo sababu imani hii haiishi. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 na DOT 4 hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, zinazopatana na mpira wa aina ya EPDM unaotumika katika breki, ilhali sili za gia boksi, yaani pete za mpira zinazozuia oili isipite pembeni mwa shafti, kwa kawaida huwa za mpira wa naitraili au akriliki, uliochaguliwa kwa kuwa unastahimili oili. Mpira huo ukikutana na glaikoli huifyonza, ukalainika na kuvimba, mdomo wa sili ukaibana shafti upya, na mwenye gari akadhani amepona. Lakini mpira uliovimba hivyo umekwisha kupoteza uimara wake, na shafti inayozunguka mfululizo huusaga hadi kilichokuwa kikidondoka kikaanza kuchuruzika, tena mara nyingi katika sili ambazo hapo kabla hazikuwa na tatizo lolote, kwa kuwa mafuta hayo hayachagui sili ya kuvimbisha.

Hasara ya sili, hata hivyo, ni ndogo ikilinganishwa na ya klachi. Gia za otomatiki hushikwa na mabamba membamba ya chuma yaliyobandikwa kwa gundi tabaka la msuguano lenye asili ya karatasi. Glaikoli huvuta unyevu kutoka hewani, na unyevu huo pamoja na glaikoli yenyewe huidhoofisha gundi, tabaka likabanduka, vipande vyake vikaziba chujio na vijia vya vali, na gari likabaki linanguruma bila kusogea. Uthibitisho wake unajulikana duniani kote: Nissan Pathfinder za mwaka 2005 hadi 2010 zilipata sifa mbaya nchini Marekani kwa sababu kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta kilipasuka, kulanti, ambayo nayo ni glaikoli na maji, ikaingia kwenye gia boksi na kuiua. Jambo ambalo kule lilikuwa ajali iliyowafikisha watu mahakamani, hapa mtu hulinunua kwa fedha yake na kulimimina kwa mkono wake, na hakuna fundi makini anayepaswa kulinyamazia.

Oili nzito ya SAE 90 nayo hupendekezwa kwa hoja kwamba haitapita penye upenyo, bila kukumbuka kwamba ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kupita kwenye vali. Zile chupa za viongeza vya kulainisha sili zina nafuu kidogo pale mpira ulipokakamaa tu. Hazizibi gasketi iliyokatika, bomba lenye kutu wala sampo, yaani karai la chini la gia boksi, lililopigwa jiwe katika njia za milimani.

Kabla ya kuilaumu gia boksi, kipande cha boksi jeupe kilazwe chini ya gari usiku kucha. Tone jekundu lenye utelezi laweza kutoka kwenye gia boksi, lakini pia laweza kutoka kwenye pampu ya usukani, ambayo katika magari mengi hutumia oili ya jamii hiyo hiyo. Tone jekundu au la waridi lililo jepesi kama maji huenda ni kulanti ya Toyota. Oili ya waridi iliyochafuka kama maziwa inaonyesha kwamba rejeta imepasuka kwa ndani, hatari inayoongezeka kwa wanaojaza maji matupu ya bomba au ya ziwa, na hapo gari lisiwashwe tena. Kipimo cha dipstiki nacho hudanganya kikichukuliwa katika nyua za mteremko za Bwiru na Kitangiri: gari liwe tambarare, oili iwe ya moto, injini inaunguruma na gia ikiwa kwenye P, isipokuwa Honda, ambazo hupimwa mara tu injini inapozimwa.

Yaliyobaki ni ya kutekeleza. Gasketi ya sampo na sili za shafti za pembeni ni kazi nyepesi na zibadilishwe mapema. Sili ya mbele, iliyo kati ya injini na gia boksi, hudai gia boksi ishushwe, kwa hiyo gharama yake kubwa ni ya ufundi. Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari: X-Trail ya T31 yenye CVT, inayoendeshwa kwa mkanda wa chuma, hutaka NS-2, na haidroliki ya kawaida huuharibu mkanda huo, kama vile Toyota inayotaka WS isivyofaa kupewa T-IV. Oili ya zamani sana imwagwe kwa awamu, kwa kuwa awamu moja huacha sehemu kubwa ndani, na isisukumwe kwa mashine ya presha. Anayenunua gia boksi ya mtumba alinganishe namba ya kibati chake na ile ya zamani, aweke sili mpya ya mbele kabla haijapandishwa, na asafishe kipoza oili au akibadilishe. Oili chafu ikusanywe kwenye dumu, kwa sababu mifereji ya Ilemela huishia ziwani, na maji ya kunywa ya Mwanza hutoka humo humo.