Utetezi wa Tasnifu na Swali la Kigezo: Mfano wa Ngeli za Nomino

Watahiniwa wengi huyaelekeza maandalizi yao ya utetezi kwenye muhtasari: sura zote hufupishwa, zikapangwa katika slaidi na kukaririwa. Muhtasari unahitajika, lakini watahini wamekwisha kuisoma tasnifu. Wanachotaka kukipima ni iwapo mtahiniwa anaweza kuitetea hoja yake inapopingwa, na katika isimu ya Kiswahili upinzani huo aghalabu huanzia kwenye kigezo cha uchanganuzi.

Tuchukue mfano wa mtahiniwa aliyeainisha nomino kimofolojia, kwa viambishi awali vya umoja na wingi. Kwa kigezo hicho, kiti/viti na kifaru/vifaru zimo katika ngeli moja. Mtahini atauliza: mbona basi husemwa "kifaru amelala" ilhali "kiti kimevunjika"? Tena kifaru hichohicho kikiwa chombo cha vita, upatanisho hurudi kuwa wa ki-: "kifaru kimeharibika". Kujibu kwamba wataalamu waliotangulia walifanya hivyo si utetezi. Aliyejiandaa ataeleza kwanza kile ambacho kigezo chake hukidhihirisha, hususan ulinganifu wa Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu. Kisha atakubali kwamba kigezo hicho hakielezi nafasi ya uhai katika upatanisho. Hatimaye ataonesha kuwa kigezo cha kisintaksia nacho kina upungufu wake: huziweka mtu, kifaru (mnyama) na daktari katika ngeli ya a-/wa-, na hivyo kuficha tofauti za maumbo yake. Swali zito zaidi hufuata: je, kigezo kingebadilishwa, mahitimisho ya tasnifu yangebaki yaleyale? Hili ndilo la kulifanyia mazoezi, ikiwezekana mbele ya wenzake wenye mkabala tofauti.

Maswali ya sampuli, uwanda wa utafiti na makosa ya uchapaji hayana uzito huo; yanayostahili kusahihishwa yakubaliwe bila mabishano.

Lipo pia suala la istilahi. Wengi huzisoma nadharia kwa Kiingereza na kuzitetea kwa Kiswahili. Mtahiniwa ajizoeze kuzifafanua kwa sauti dhana kama upatanisho, uambishaji na uhai kwa maneno yake mwenyewe, kila moja ikiwa na mfano kutoka katika data yake. Palipo na istilahi mbili zinazoshindana, kama nomino na jina, awe na sababu ya kuchagua aliyoitumia.