Sauti Ndogo Kutoka Mtwara

Mkulima wa karafuu hana haja ya kukumbushwa habari za tufani. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika zaidi, na baada ya hapo ikawa ndiyo iongozayo kwa karafuu. Mkarafuu huchukua miaka mingi mpaka uzae vyema, na upepo wa siku moja waweza kuuangusha.

Hatari hii haijaisha. Tarehe 25 Aprili 2019 tufani Kenneth iliingia kaskazini ya Msumbiji, na watu wa Mtwara wakaambiwa wahamie mahali pa juu. Mei 2024 ilikuja Hidaya kwenye pwani ya Tanzania, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa kwa muda. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata taabu kubwa. Basi twauliza: siku simu na intaneti vikinyamaza, habari za Mtwara na mdomo wa Mto Ruvuma zitatufikiaje huku visiwani?

Jibu moja ni la zamani, nalo ni redio ya mawimbi mafupi. Lakini mawimbi haya hayafiki kila mahali kwa kila saa. Hupanda juu, kisha hurudishwa chini na tabaka la hewa liitwalo ionosfia, na tabaka hilo hubadilika asubuhi, mchana na usiku. Kutoka Mtwara mpaka Unguja ni kiasi cha kilomita 470. Wimbi la mita 20 mara nyingi huturuka likashukia mbali zaidi. La mita 40 hufaa zaidi kwa mwendo kama huu wakati wa mchana. Lakini "mara nyingi" haitoshi siku ya dhiki. Hapana budi mtu awe amepima kabla.

Kupima huko ndiyo kazi ya kituo cha ishara. Waendeshaji wa redio za ridhaa wana mpango wa vituo 18 ulimwenguni, na katika orodha hiyo Afrika Mashariki ina kituo cha Kenya, 5Z4B. Katika kila wimbi, kituo hupewa sekunde 10 kwa kila dakika 3. Hutaja jina lake kwa Morse na kupiga mlio mmoja kwa nguvu ya wati 100, kisha milio mitatu zaidi: wa wati 10, wa wati 1, na wa sehemu ya kumi ya wati. Msikilizaji akiusikia hata wa mwisho, ajua njia i wazi.

Siku hizi iko namna nyingine, iliyo nyepesi zaidi. Joe Taylor, mtaalamu wa fizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alitoa mwaka 2008 programu iitwayo WSPR, jina ambalo kwa Kiingereza husikika kama neno la kunong'ona. Ujumbe wake ni mfupi sana: jina la kituo, mraba wa ramani kilipo, na nguvu yake. Mtwara, Msimbati na mdomo wa Ruvuma vyote vimo katika mraba LH09. Mji wa Unguja umo KI93, na Chake Chake KI94. Ujumbe huo huchukua karibu sekunde 111, na kompyuta ya msikilizaji huweza kuusoma hata pale ambapo sikio halisikii kitu.

Chombo chenyewe hutosha kwenye kasha dogo. Ndani yake mna bodi ya maikrokontrola, mathalan Arduino, ambayo ni kompyuta ndogo ifanyayo kazi moja tu. Bodi hiyo huiamuru chipu ya Si5351 itoe wimbi. Kipokezi cha GPS huipa saa sahihi, kwa sababu ujumbe lazima uanze sekunde moja baada ya dakika shufwa. Transista ndogo huweza kuliongezea wimbi nguvu mpaka sehemu ya tano ya wati. Balbu ya wati 10 hutumia mara hamsini ya hiyo. Eriali ni waya wa kiasi cha mita 20, uliokatwa katikati na kutungikwa baina ya minazi miwili. Betri na paneli ya jua hutosha kuendesha yote.

Mambo matatu yasipuuzwe. La kwanza, chipu hii hutoa pia mawimbi ya pembeni yasiyotakiwa, kwa hiyo lazima liwepo chujio kabla ya eriali. La pili, hewa ya chumvi hula shaba upesi, basi kasha lizibwe vyema, na eriali ifunguliwe radi ikikaribia. La tatu, udogo wa nguvu hausamehi leseni: ruhusa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Wala tusidanganyane. Chombo hiki hakitabiri tufani, na hakiwezi kusema "paa limeng'oka" au "tuleteeni maji." Ni kama kipima mvua shambani: hakileti mvua, lakini mwenye daftari la miaka mitatu ajua zaidi ya mwenye kukisia. Kikinong'ona Mtwara mchana na usiku, na mtu wa Unguja au Pemba akiandika kila siku saa alizokipata na alizokikosa, tutajua ni wimbi lipi na ni saa ipi sauti ya mtu itaweza kuvuka siku ya haja.

Wanachama wenye vijana shuleni twawaomba wawaonyeshe makala haya walimu wa sayansi. Shule moja Mtwara na moja huku visiwani, kila moja ikiwa na mtu mwenye leseni wa kuisimamia, zatosha kuanza. Daftari na lifunguliwe sasa, hali ya hewa ingali shwari.