Reli ya Mezani kutoka Bungoma hadi Kitale

Kitale na Bungoma zote ni miji ya reli, lakini hazijawahi kuunganishwa moja kwa moja. Tawi la Kitale, lililofunguliwa 1926, linachomoka Leseru karibu na Eldoret. Njia kuu iliyofika Kampala 1931 inapita Turbo na Webuye ndipo ifike Bungoma. Kwa mkato wa Kimilili, Kamukuywa na Kiminini hakuna reli. Basi tuijenge wenyewe, ila mezani, iwe ya treni za asubuhi na jioni kama zile za Nairobi na Syokimau.

Huu si mchezo wa watoto tu. Siku hizi watu wanaambiwa barabara au bomba litapita kwao, wanaonyeshwa karatasi, wanatia sahihi. Mfano wa mezani hata nyanya asiyesoma ataulewa.

Tumieni kipimo cha moja kwa mia: sentimita 1 ni mita 1. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1, kwa hiyo nyaya zenu mbili zitaachana sentimita 1. Mataruma ni njiti za kiberiti zilizokatwa nusu. Behewa ni boksi gumu la sentimita 18. Vijana watataka mota ya betri mara moja. Wangoje kwanza, treni ya kusukumwa kwa kidole inatosha.

Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 inabeba kituo kimoja na mashamba ya jirani, kama ekari 7 hivi. Chagueni Kimilili, au kijiji chenu.

Halafu kuna mlima. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, Kitale karibu 1,900. Treni si matatu, haipandi popote. Tukiiruhusu kupanda mita 2 kwa kila mita 100, mita hizo 500 zinahitaji kilomita 25 za kupanda bila kupumzika, na reli itabidi izunguke vilima. Palipo na kituo lazima pawe tambarare, kwa hiyo chongeni udongo pale. Udongo mtupu hupasuka ukikauka. Changanyeni na unga wa mbao na gundi.

Sasa kateni kitambaa chekundu cha upana wa sentimita 30, mkilaze juu ya reli kutoka ukingo hadi ukingo. Tuseme hiyo ndiyo ardhi ya reli, mita 30. Kati ya zile ekari 7, karibu 2 zimekwenda! Na hapo bado hamjaweka stendi ya bodaboda wala soko.

Siku ya mkutano kila mtu aweke punje ya mahindi pale nyumba yake ilipo, na punje ya maharagwe penye kisima au kaburi la wazee. Ambao punje zao zimeangukia kitambaani ndio wapewe nafasi ya kwanza kusema.